Mafuta Ubavuni, Si Kichwani

Tangu habari za reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay zirudi midomoni mwa watu, vijana wa hapa Mikindani hawaniachi: “Mzee, tusomee nini?” Wanajua ujana wangu uliishia kwenye gengi la reli huko bara. (Ile ya kwetu ya mradi wa karanga wa enzi za mkoloni, iliyokwenda Nachingwea, iling’olewa zamani.) Mimi huwajibu: anzeni na msuguano.

Gurudumu hugusana na reli mahali padogo kama ukucha wa kidole gumba. Pakiwa pakavu na safi, kipimo cha msuguano hufika 0.5, pakiingia grisi hushuka hata 0.1. Juu ya reli tunataka kama 0.35, maana ikipungua sana injini haivuti na breki hazishiki. Ila kwenye kona, ubavuni mwa reli ya nje ambako ukingo wa gurudumu hujisugua, tunataka utelezi, chini ya 0.2. La sivyo chuma kinalika.

Hilo nililijua kwa aibu. Nikiwa mgeni kazini nilipewa ndoo ya grisi nikapake kona ya mlimani. Nikapaka kwa moyo wote, ubavuni na juu. Jioni treni ya mizigo ikafika, magurudumu yakazunguka palepale kama lori la korosho kwenye tope la masika. Dereva akamwaga mchanga mpaka ukamwishia. Usiku kucha tulifuta reli kwa matambara. Mnyapara hakunigombeza, alinishikisha taa tu, na hiyo iliniuma zaidi.

Baadaye nikaona kifaa cha kupimia msuguano, cha kusukuma kwa mkono juu ya reli: kigurudumu chake hubanwa breki kidogo kidogo mpaka kiteleze, ndipo unasoma namba. Kizuri, lakini kwanza tembea. Unga wa chuma unaong’aa kando ya reli, au kona inayolia treni ikipita, ni dalili ya ukavu. Pima alfajiri kwenye umande, kisha mchana. Namba ya mchana peke yake inadanganya. Na ogopa manyunyu kuliko mvua kubwa. Mvua kubwa huosha reli, manyunyu hukoroga kutu na vumbi yakawa uji.

Hata yale mafuta ya ganda la korosho yanayotubabua vidole, viwandani hugeuzwa unga wa kutia kwenye breki. Nilipowaambia vijana hayo, walicheka. Juzi mmoja akarudi peke yake kuuliza: kwenye kona, reli ya nje ni ipi?