Maswali ya Wasomaji: Februari na miezi iliyohesabiwa vibaya

SWALI: Ndugu Mhariri, shikamoo. Nafundisha darasa la sita hapa Tukuyu. Wanafunzi wamegundua kuwa Oktoba maana yake ni "wa nane", ilhali ni mwezi wa kumi. Pia wameuliza Februari ina maana gani. Niwajibu nini?
Mwalimu, Rungwe

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Waanzishie na Jumanne. Ina "nne" ndani yake kwa sababu tunahesabu tangu Jumamosi. Ukianza Jumatatu, hesabu inakataa. Ndivyo ilivyo kwa Oktoba. Mwaka wa kwanza wa Warumi, kwa mapokeo yao, ulianza Machi, ukawa na miezi 10 na siku 304. Septemba ukawa wa saba, Desemba wa kumi. Januari na Februari ziliongezwa baadaye, nao wanasema aliyeziongeza ni mfalme Numa. Mwaka ulipokuja kuanza Januari, majina yale hayakubadilishwa.

Februari ina uzito zaidi. Jina linatokana na februa, yaani vitu vya kutakasia: sufu, nafaka iliyokaangwa na chembe ya chumvi, tawi la msonobari, na hasa vipande vya ngozi ya mbuzi. Huo ndio uliokuwa mwezi wa mwisho wa mwaka wa kale, wa kujitakasa, kama vile kwetu kihenge hufagiwa kabla ya kuingiza mahindi mapya. Kuanzia tarehe 13 hadi 21 watu waliwapelekea wafu wao sadaka makaburini, mahekalu yakafungwa, na ndoa hazikufungwa.

Katikati ya siku hizo, tarehe 15, ilikuja sikukuu ya Luperkalia. Makuhani walikutana kwenye pango chini ya kilima cha Palatino, wakachinja mbuzi na mbwa. Vijana wawili wa koo bora waliguswa paji la uso kwa kisu chenye damu. Papo hapo wengine wakaifuta kwa sufu iliyochovywa kwenye maziwa, na vijana walipaswa kucheka. Baada ya karamu ngozi zilikatwa kanda. Wakimbiaji, wakiwa karibu uchi, walizunguka wakiwachapa waliokutana nao. Wanawake walijitokeza wenyewe na kunyoosha mikono, wakiamini watapata uzazi.

Wengi huandika kwamba mwezi ulipewa jina la mungu Februus. Tahadhari: huyo anatajwa na waandishi wa karne za mwisho za Roma, lakini Varro na Ovidius, waliotangulia sana, wanaeleza jina hilo kwa februa.

SWALI: Babu anasema Kaisari Augusto aliiba siku ya Februari ili Agosti iwe na 31. Ni kweli?
Kijana, Mafinga

JIBU: Si kweli, ingawa hata vitabu vinairudia. Februari ilikuwa na siku 28 katika mwaka wa siku 355, zamani kabla ya Augusto. Warumi walipenda namba witiri, wakaipa miezi mingine 29 au 31. Shufwa ikaachiwa mwezi wa wafu. Mwaka 46 KK Julius Caesar aliongeza siku 10, na Agosti, ukiitwa bado Sextilis, ukapata 31 hapo. Jina la Augusto lilikuja mwaka 8 KK. Ile siku ya mwaka mrefu haikuwa tarehe 29: walirudia tarehe 24 mara mbili.