Kusahihisha tahajia kwenye nyaraka za programu huria: anza na zile unazozitumia

Wanafunzi wa Maseno, wa Masinde Muliro kule Kakamega na wa vyuo vya hapa Kisumu mjini huniuliza swali moja kila muhula: "Mwalimu, nianzie wapi kuchangia programu huria?" Programu huria ni zile ambazo msimbo wake, yaani maandishi yanayoiambia kompyuta la kufanya, uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha. Huwaambia waanze na nyaraka, yaani miongozo na maelezo ya programu, na ndani ya nyaraka waanze na maneno yaliyoandikwa vibaya. Wengine huondoka wamenuna. Walitaka kuandika msimbo, nami naona nimewapa kazi wanayoiona ya mtoto wa darasa la nne. Bado nashikilia ushauri huo, ila nauwekea sharti: sahihisha nyaraka za programu ambayo wewe mwenyewe unaitumia.

Sharti hilo linatokana na mambo niliyoyaona kwa macho. Kijana mmoja pale Kondele alikuwa akisimika programu kwenye mfumo endeshi wa Ubuntu, akifuata mwongozo hatua kwa hatua. Mwongozo ulimwambia aandike `cd enviroment`, amri ya kuingia kwenye folda. Folda iliyokuwa kwenye kompyuta yake iliitwa `environment`. Kompyuta ikamjibu kwamba hakuna faili wala folda yenye jina hilo. Akafuta kila kitu, akapakua upya, jibu likawa lile lile, na bando likaishia hapo. Wakati huo wote aliamini yeye ndiye mwenye kosa, kwa sababu mwongozo uliandikwa na wajuzi. Tulipoyaweka yale maneno mawili, moja juu na jingine chini, ndipo ile n iliyokosekana ilipojitokeza.

Kosa kama hilo linaweza kukaa miaka bila kuguswa. Anayeijua programu hanakili amri kutoka kwenye mwongozo. Vidole vyake vinajua tayari jina la folda. Anayeumia ni mgeni, naye mgeni hana ujasiri wa kusema kwamba kitabu kimekosea. Ndiyo maana nasema wewe unayejifunza leo una kitu ambacho mtengenezaji wa programu hana: bado unasoma kila neno. Baada ya miezi michache uwezo huo utakutoka. Utumie sasa.

Kuna makosa mengine ambayo huyaoni kamwe mpaka unakili amri na kuiendesha. Vistari viwili vya `--help` hugeuzwa na baadhi ya vihariri vya maandishi kuwa kistari kimoja kirefu, na amri inakataa kufanya kazi. Alama za kunukuu zilizonyooka hugeuzwa kuwa zilizopinda, kisha kompyuta haizitambui tena. Kwenye skrini vinakaribia kufanana. Mtu anayepitia ukurasa kwa macho tu akitafuta cha kusahihisha atavipita. Anayefuata maelekezo ili kazi yake iende atavikuta, tena atajua mara moja vinamzuia nani. Na haya madogo ya `recieve` na `seperate`, au neno `the` lililorudiwa mara mbili, nayo yarekebishwe. Mwongozo wenye kosa kila aya humfanya msomaji ashuku hata namba zilizo sahihi.

Sisi wa magharibi mwa Kenya tuna sababu ya ziada ya kulijali jambo hili. OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa unaotumika katika nchi nyingi duniani, ulianza kutumika Eldoret mwaka 2006 chini ya mpango wa AMPATH, unaoshirikisha Chuo Kikuu cha Moi na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Kabla yake kulikuwa na mfumo wa kituo cha afya cha Mosoriot, ulioanza mwaka 2001. KenyaEMR, iliyo kwenye vituo vingi vya afya nchini, imejengwa juu ya OpenMRS. Anayefungua mwongozo wa programu kama hiyo huenda ni afisa wa kumbukumbu za afya katika zahanati, foleni ya wagonjwa ikimsubiri mlangoni, wala si mtu aliyesomea kompyuta. Jina la kitufe likiandikwa vibaya, yeye hatakwenda kutafuta kwenye msimbo. Ataacha, au atapiga simu, au atabonyeza kitufe kingine.

Sasa upande wa pili. Oktoba 2020 ilionyesha wazi kinachotokea watu wakisahihisha bila kusoma. Hacktoberfest, kampeni ya DigitalOcean iliyoanza mwaka 2014, ilikuwa ikitoa fulana kwa anayetuma maombi manne ya kuunganisha mabadiliko, hayo tunayoyaita pul rikwesti. Watu wakamiminia miradi mabadiliko yasiyo na maana: neno la sifa limechomekwa kwenye README (faili la utambulisho wa mradi), nukta imeongezwa, nafasi imeondolewa. Wasimamizi wa miradi wakalemewa, na tarehe 3 Oktoba kanuni zikabadilishwa ili mradi ambao haukujiandikisha wenyewe usihesabiwe. Tangu wakati huo baadhi ya wasimamizi huyatazama masahihisho madogo kwa jicho kali, nami siwalaumu. Wewe unatumia dakika moja kubadilisha herufi. Msimamizi, ambaye mara nyingi hujitolea usiku baada ya kazi yake ya mchana, inabidi afungue ombi lako, alisome, ahakikishe hukuharibu kitu, angoje majaribio ya kiotomatiki, ndipo aliunganishe. Kazi yako nzima ni kumfupishia safari hiyo.

Kwa hiyo usitume maombi kumi kwa maneno kumi. Soma ukurasa mzima, au sura nzima ya mwongozo, ukusanye makosa yake yote katika ombi moja, na usichanganye humo kitu kingine. Ukiona pia sentensi ambayo ungependa kuiandika upya, hiyo iende kwenye ombi lake. Herufi hazina mjadala, lakini mtindo una mjadala, na mjadala wa sentensi moja utazuia masahihisho yote mengine yasipite. Katika ujumbe wa mabadiliko sema ulichorekebisha na mahali kilipo. GitHub, tovuti inayohifadhi miradi mingi ya namna hii, ikikuwekea ujumbe wake wa `Update README.md`, ufute, kwa kuwa haumwambii mtu lolote. Kabla ya yote soma faili la CONTRIBUTING, linaloeleza jinsi mradi unavyopokea michango. Miradi inatofautiana. Django, zana ya kujengea tovuti, kwa mfano, haidai ufungue tiketi kwa kosa dogo la tahajia, lakini kiini cha Linux (kernel) kinataka mabadiliko yaje kwa baruapepe yakiwa na mstari wa `Signed-off-by`. Mstari huo huongezwa na `git commit -s`, amri ya git, zana inayotunza historia ya mabadiliko ya mradi, nao huweka jina na anwani yako mahali pa wazi kwa miaka na mikaka. Chagua mapema anwani utakayotumia.

Gharama ya data isikuzuie. Kwa kosa la neno moja, bonyeza alama ya penseli kwenye ukurasa wa faili huko GitHub. Itakutengenezea nakala yako na kukuwezesha kutuma ombi papo hapo, hata ukiwa na simu tu kwenye matatu. Ukihitaji faili zote kwenye kompyuta, tumia `git clone --depth 1`, ambayo huleta hali ya sasa bila historia yote. Kwa mradi mkubwa kama kiini cha Linux, ambao historia yake inazidi gigabaiti moja, tofauti ni kubwa mno kwa mtu anayenunua bando kwa siku.

Eneo linalohitaji uangalifu kuliko yote ni kujua usichopaswa kugusa. Mfano maarufu uko kwenye wavuti yenyewe. Kichwa cha HTTP, yaani taarifa ambayo kivinjari huituma kwa seva, kinachoeleza umetoka ukurasa gani kiliandikwa `Referer`, kikikosa r moja, na kikaingia hivyo kwenye RFC 1945, waraka wa kanuni za mtandao, mwaka 1996. Seva na vivinjari vyote vikajengwa juu ya kosa hilo, na mpaka leo kinaandikwa hivyo hivyo. Kichwa kilichobuniwa baadaye, `Referrer-Policy`, kina r zote, kwa hiyo viwili hivyo vinaishi pamoja, kimoja kibovu na kimoja kizima. Mfumo wa Unix nao una `creat`, jina la kazi ya kuunda faili, isiyo na e mwishoni. Ukikutana na jina la aina hiyo kwenye nyaraka na ukalinyoosha, umemdanganya msomaji, maana programu inalijua kwa sura yake mbovu. Kabla ya kurekebisha neno lolote lililo ndani ya amri, jina la faili au jina la kigezo, endesha `git grep`, inayotafuta neno kwenye faili zote za mradi, uone kama msimbo wenyewe unaliandika vivyo hivyo. Kama ndivyo, liache, ufungue hoja (issue) kwenye ukurasa wa mradi uulize.

Kisha kuna jambo linalotuhusu sisi hasa tuliosomeshwa Kiingereza cha Uingereza. Shuleni tulifundishwa `colour`, `centre` na `organise`, na mwalimu alitukata alama tukiandika vinginevyo. Miradi mingi mikubwa, Kubernetes (mfumo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi) ikiwemo, imeamua kutumia tahajia ya Marekani. Nimeona vijana werevu wakituma ombi la kugeuza `color` kuwa `colour` ukurasa mzima, kwa nia njema kabisa, na ombi likafungwa bila hata maelezo. Wakavunjika moyo. Tazama mwongozo wa mtindo wa mradi kwanza, na kama haupo fuata yaliyomo tayari kwenye nyaraka. Kwenye CSS, lugha ya kupamba kurasa za wavuti, `color` ndiyo pekee inayofanya kazi, ingawa rangi ya kijivu inakubaliwa ikiandikwa `gray` au `grey`.

Usiguse pia folda za `vendor` na nyinginezo zenye msimbo wa watu wengine. Nenda ukasahihishe kwenye mradi ulikotoka, la sivyo masahihisho yako yatafutika toleo jipya litakapoletwa. Kurasa zinazozalishwa na programu usizihariri moja kwa moja. Maelezo ya API (sehemu za programu ambazo programu nyingine huziita) za miradi ya Java, OpenMRS ikiwa mmojawapo, hutoka kwenye maoni yaliyo ndani ya msimbo, na huko ndiko kosa linakoondolewa.

Zana zipo. Mimi hutumia codespell, programu ya kukagua tahajia. Yenyewe ina orodha ya makosa yanayojulikana, hivyo haisumbuki na majina kama Otieno au Kakamega, tofauti na hunspell na aspell ambazo hushuku kila neno lisilo kwenye kamusi yao. Iendeshe bila `-w`, inayoiruhusu kubadilisha faili, kwanza, ikuonyeshe tu faili, mstari na pendekezo, kisha usome kila pendekezo katika sentensi yake. Ukiiacha iandike yenyewe inaweza kugeuza hata neno lisilo na kosa. Naiona zana hii kama msaidizi wa mwisho, baada ya macho yako kupita. Anayeanza nayo hurudi kule kule kwa watu wa fulana.

Jambo la tafsiri wengi hawalijui, nami naona ni la heshima kwa wenzetu. Miradi mingi huweka tafsiri kwenye faili za PO, ambamo sentensi ya Kiingereza ndiyo ufunguo wa kila tafsiri. Ukibadilisha herufi moja ya Kiingereza, ufunguo umebadilika. Zana za gettext, zinazosimamia faili hizo, zitaitia tafsiri alama ya `fuzzy`, na kwa kawaida tafsiri yenye alama hiyo haitumiki mpaka mtu aithibitishe upya. Mtu aliyejitolea kutafsiri kwa Kiswahili ataona sentensi yake imetoweka na Kiingereza kimerudi, na vivyo hivyo kwa lugha zote nyingine. Hilo lisikufanye uache kosa. Uliza kama mradi una kipindi cha kufunga maneno kabla ya toleo, na tuma masahihisho yako kabla ya kipindi hicho, ili watafsiri wapate muda wa kuyapitia.

Ukishatuma, majibu yanaweza kuja kwa maneno matatu bila salamu. Usiyachukulie kama hasira. Ndivyo wengi huandika wakiwa na kazi tele. Ukiombwa kubadilisha kitu, kibadilishe kwenye tawi lile lile (nakala ya kazi uliyotumia kutuma ombi), usifungue ombi jipya. Kukiwa kimya kwa wiki kadhaa, acha ujumbe mmoja wa adabu, kisha endelea na ukurasa mwingine unaousoma.

Na ukishazoea herufi, utaanza kuona makubwa zaidi: hatua iliyorukwa, toleo la zamani lililotajwa, maelekezo yanayodhani kila mtu ana intaneti isiyokatika na umeme usiopotea. Hayo nayo yaandikie ombi. Ongeza sentensi inayosema upakuaji utachukua megabaiti ngapi, na namna ya kuuendeleza ukikatika katikati. Msimamizi aliyeona umemletea masahihisho safi ya tahajia, yaliyopangwa na yasiyomchosha, atakuwa ameshalijua jina lako.