GPS ikipotea angani, anza kumtafuta mwizi ndani ya ndege yako

Marubani wa ndege ndogo tukikutana pale uwanja wa Wilson, Nairobi, stori ya GPS iliyopotea haikosi mshukiwa mkubwa. Jeshi fulani linafanya mazoezi, kuna vita nchi jirani, kuna manowari baharini. Mambo hayo yapo, na nitayafikia. Lakini kwa niliyoyaona nikirusha Cessna 172 kati ya Nairobi na pwani, kikulacho ki nguoni mwako. Mara nyingi kinachoizima GPS ya ndege ndogo kimo ndani ya ndege hiyo hiyo, na pengine umekinunua kwa pesa yako.

Chukua safari moja ya Malindi. Rafiki yangu aliyekaa kulia alikuwa amebandika kamera ndogo sehemu ya juu ya kioo cha mbele, apate video ya Tsavo. Tulipokuwa tumeshatulia angani, skrini ikatangaza kwamba haijui tulipo. Nikafungua ukurasa wa setilaiti. Pale kila setilaiti ina mstari wake unaosimama, na mawimbi yakifika vizuri mstari unarefuka. Siku ya kawaida mistari imejaa kama meno ya kitana. Siku hiyo ilibaki miwili, mifupi, inachezacheza. Nikamwomba azime kamera. Mistari ikaanza kuota mmoja mmoja, na baada ya muda mfupi tukarudi kwenye ramani. Akaiwasha tena kwa majaribio, ikalala yote. Antena ya GPS kwenye ndege ya namna hii hukaa juu ya paa, na kamera ilikuwa shibiri chache tu kutoka hapo.

Kamera yenyewe haikuwa mbovu. Shida ni kwamba mawimbi ya GPS ni dhaifu mno. Setilaiti zake ziko umbali wa kilomita 20,200 juu yetu, na mawimbi yanapotua kwenye antena yako ni hafifu kuliko kelele za umeme za kipokezi chenyewe. Kipokezi huyachambua kwa kuwa kinajua mapema mpangilio wa kuutafuta. Kwa hiyo kifaa chochote cha kielektroniki kinachovujisha mawimbi karibu na megahezi 1575.42, masafa ya GPS, kinaweza kuufunika mnong'ono huo wa setilaiti bila hata kukusudia. Chaja za bei nafuu za kuchomeka kwenye soketi ya ndege ni watuhumiwa wakubwa, pamoja na kamera na taa za LED zilizofungwa kienyeji. Ushauri wangu wa kwanza hauna gharama: GPS ikiyumba, zima na uchomoe kila kitu ambacho hakikuja na ndege, kisha utazame ile mistari. Ikirudi, rudisha kifaa kimoja kimoja hadi umkamate mhusika.

Kuna mshukiwa mwingine ambaye wengi hawamdhanii: redio yako ya mawasiliano. Redio, hata ikiwa nzima, pamoja na masafa uliyoyachagua hutoa mawimbi hafifu kwenye masafa hayo yaliyozidishwa mara mbili, mara tatu, na kuendelea. Sasa shika kikokotoo. Megahezi 121.175 mara 13 ni 1575.275. 131.275 mara 12 ni 1575.3. Yote mawili yanaangukia mlangoni kwa GPS. Ukibonyeza kitufe cha kuongea kwenye masafa ya namna hiyo, na redio au nyaya zake zina kasoro, mistari inaporomoka wakati unaongea na inainuka ukiachia. Rubani asiyejua atasema GPS ni mbovu, ataipeleka kwa fundi, nayo itarudi na jibu kwamba haina tatizo.

Hilo hupimwa chini, siyo angani. Toa ndege nje ya hanga ili ione anga, subiri ipate mahali ilipo, waarifu mnara wa kuongozea ndege unachotaka kufanya, sikiliza kwanza kama masafa yako wazi, kisha bonyeza kitufe kama nusu dakika huku macho yako kwenye ukurasa wa setilaiti. Rudia kwenye masafa ya jirani, 121.150 na 121.200, halafu 131.250 na 131.300. Usiguse 121.5, hayo ni ya dharura. Fundi mmoja wa siku nyingi alinifundisha hatua inayofuata: «Kapteni, kabla hujalaumu redio, niachie nichomoe waya wa antena ya ELT.» ELT ni kile kisanduku cha nyuma kinachoita msaada ndege ikianguka. Hata kikiwa kimya, sakiti zake zinaweza kunasa mawimbi ya redio yako kupitia antena yake na kuyatoa tena yakiwa yamezidishwa. Waya ukichomolewa na tatizo likaisha, mwizi ameshikwa. Kazi hiyo mwachie fundi mwenye leseni, na waya urudishwe kabla hujaruka. Ndege isiyoweza kuita msaada juu ya Tsavo ni balaa kubwa kuliko GPS inayoyumba.

Sasa tuje kwa washukiwa wa nje.

Kuziba mawimbi na kuyaghushi ni vitu viwili tofauti, na kwa rubani tofauti hiyo ni kubwa. Mawimbi yakizibwa, GPS inasema haijui, na wewe unajua kwamba haijui. Yakighushiwa, inakwambia uongo huku imejiamini. Ndege zinazopita mashariki mwa Mediterania zimejikuta kwenye skrini ziko uwanja wa Beirut ilhali ziko mbali kabisa. Karibu na kwetu, mwaka 2024 kuzibwa na kughushiwa kwa GPS kuliripotiwa mashariki mwa Kongo, katika anga la Kivu Kaskazini. Anayeruka kuelekea magharibi asidhani mambo haya ni ya Ulaya na Uarabuni tu. Na si lazima awe mwanajeshi. Mwaka 2013 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ilipendekeza kumtoza dereva wa gari la kampuni faini ya karibu dola 32,000. Alikuwa na kifaa cha kuziba GPS ili mwajiri asijue anakozunguka, na kikauvuruga mtambo wa kuongozea ndege wa uwanja wa Newark alipopita hapo karibu. Malori mangapi yenye vifaa vya kufuatiliwa yanapita Mombasa Road kila siku, na madereva wangapi wangependa wasionekane? Mimi huliwazia hilo kila nikikatiza barabara ile.

Dalili za uongo zipo ukizizoea. Linganisha saa ya GPS na ya mkononi. Zikitofautiana, usiiamini tena. Angalia kasi ya ardhini inayotolewa na GPS dhidi ya kasi ya hewa ya kipimo cha ndege: ukionyeshwa upepo wa kimbunga siku tulivu, kuna namna. Ikiwa otopailoti, mtambo unaoirusha ndege yenyewe, inafuata GPS, itoe huko mara moja na kuishikisha mwelekeo wa dira, maana yenyewe itaufuata uongo kwa utiifu wote. Na tableti yako si shahidi wa pili. Wengi wanaona kwa kuwa inasoma pia Galileo, setilaiti za Ulaya, na BeiDou za China, basi wana akiba. Galileo ina mawimbi yake kwenye 1575.42 hiyo hiyo, BeiDou nayo inayo. Anayeziba moja huziba jirani zake.

Shahidi wa pili ni dira, saa, ramani ya karatasi na dirisha. Huku kwetu tumebarikiwa. Jijini Nairobi tofauti kati ya kaskazini ya dira na kaskazini ya ramani ni kama digrii moja hivi, kwa hiyo hesabu ya mwelekeo haina mizunguko. Na njia ya pwani imechorwa ardhini: reli ya SGR na barabara ya Mombasa kulia kwako, kisha Uwanda wa Yatta, ule mgongo wa lava wa karibu kilomita 290, na Mto Athi umeuambaa. Athi ukikutana na Mto Tsavo unakuwa Galana, karibu na bahari wanauita Sabaki, nao unamwagika kaskazini kidogo mwa Malindi. Mwenye kuufuata mto huo ataiona bahari. Mimi siku za anga safi hufunika skrini kwa kikaratasi na kuweka alama ya penseli kwenye ramani kila robo saa, pamoja na saa niliyopita pale. Abiria hudhani kifaa kimeharibika, mweleze mapema.

GPS ikipotea kweli na umeshazima vifaa vyako vyote, mwambie mwongoza ndege palepale. Usione haya. Yeye ataiuliza ndege iliyo jirani yako, na jibu la rubani huyo ndilo litakaloonyesha kama tatizo ni lako au ni la eneo zima. Mawimbi ya kuziba hukatwa na vilima, kwa hiyo walio juu huathirika mbali zaidi kuliko sisi wa chini. Ukishavuka eneo la uongo, usishangae kifaa kikiendelea kuchanganyikiwa. Vingine havipati akili hadi vizimwe na kuwashwa upya.

Ukitua, andika taarifa kwa mamlaka ya usafiri wa anga kabla ya chai: mahali, urefu uliokuwa, aina ya kipokezi, ilipotea kwa muda gani, ilirudi wapi, na vifaa gani vilikuwa vimewashwa. Saa iandike kwa UTC, saa ya dunia inayotumiwa na marubani. Saa nne asubuhi ya kwetu ni 0700, na ukiandika 4 kwa mazoea, mchunguzi atatafuta tukio lako saa moja asubuhi wakati ndege yako ingali imefungwa kamba Wilson.