Mwandikie aliyekosa

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imefika. Mama yako aliisoma kwa sauti, akairudia, na mara ya pili alikuwa na hasira kukushinda wewe uliyeiandika. Unasema mtangazaji mmoja wa redio amesoma hewani makala yako ya ile tamthilia ya Kituruki, aya kwa aya, bila kukutaja popote, na unaniuliza: "Baba, nimdai au nimwache?" Mama yako anataka nijibu kwa neno moja. Neno hilo ninalo, lakini sitalitoa sasa.

Kwanza niambie, ile makala ulimwandikia nani? Nauliza kwa sababu wimbo wangu unaujua tangu ukiwa shuleni: habari ya tamthilia huandikiwa aliyekosa. Aliyeona ameona, hana shida na wewe. Mwandikie aliyekosa.

Ulikuwa darasa la tatu mwaka ule wa mgawo mkubwa, 2006, maji yalipopungua bwawani Mtera na umeme ukawa wa kupokezana mtaa kwa mtaa. Mama yako alikuwa zamu ya mchana hospitali. Anaondoka baada ya kutupakulia chakula, anarudi usiku wewe na mdogo wako mmeshalala. Isidingo, ile tamthilia ya Sauzi, ilikuwa inaonyeshwa ITV jioni, saa ambayo yeye yuko wodini anabadilisha dripu. Ndipo nilipoanza lile kaunta buku la kijani ulilokatazwa kulichora. Siku zenye umeme niliangalia sebuleni. Siku za giza nilikwenda kwa fundi redio mwenye jenereta, tukasimama wengi nje ya dirisha lake, nami nikaandika nimeegemea ukuta.

Unajua sisi wa bara tulichelewa. Zanzibar walikuwa na televisheni tangu miaka ya sabini. ITV ilipoanza mwaka 1994 nilikuwa tayari mtu mzima, mwalimu mwenye mshahara. Kwa hiyo sikuichukulia kama nyinyi mnavyoichukulia. Tamthilia ya Sauzi iliyokuwa ikirushwa kwao SABC 3 tangu 1998, habari za mgodi wa dhahabu wa Horizon Deep na familia zinazougombea, kuingia sebuleni kwetu Kihonda, kwangu lilikuwa jambo kubwa. Tena haikuja kwa Kiswahili kama hao Waturuki wako wanaoongea kama watu wa Magomeni. Waliongea Kiingereza, wakiingia Kizulu au Kisotho au Kiafrikana maandishi ya Kiingereza yanapita chini, na ukipepesa macho umeachwa.

Mwanzoni niliandika kama ninavyoandika ripoti ya shule. Barker Haines amesema hivi, Cherel amejibu vile, Letti ametoka nje. Mama yako akisoma akiwa anakula, kisha ananiuliza maswali ambayo ripoti yangu haina majibu yake. "Agnes alikuwa amesimama au amekaa aliposema hivyo?" "Papa G alicheka kwanza au alinyamaza kwanza?" Sikujua. Kesho yake nikaangalia kwa ajili ya kuulizwa. Nikaanza kuona mikono. Nikaona kwamba Robert Whitehead, yule Barker, ananyamaza kidogo kabla ya kusema uongo na hanyamazi kabla ya kusema kweli, au ndivyo nilivyoamini mimi. Nikaona tabasamu la Michelle Botes. Yule mama alimfanya Cherel achukiwe na nchi nzima ambayo hakuwahi kukaa, na aliifanya kazi hiyo kwa midomo tu, macho hayashiriki. Alipofariki Desemba 2024 nilimwombea, na mama yako hakunishangaa.

Halafu kulikuwa na Nandipha. Hapa mama yako alinipa amri: "Umruke yeyote, Nandipha usimruke." Ni yule aliyeigizwa na Hlubi Mboya, anayeishi na virusi vya UKIMWI. Kumbuka ni miaka gani. Dawa za kurefusha maisha zilikuwa zimeanza kutolewa bure nchini mwaka 2004 tu, na wodini kwa mama yako walikuwapo watu wanaozipokea kwa mkono mmoja na kuzificha kwa mkono wa pili ndugu wasione. Mama yako alitaka niandike Nandipha amekula nini, amevaa nini, nani amemshika bega, nani amekataa kunywa kikombe chake. Sikuelewa kwa nini mpaka aliponiambia kwamba anaondoka na kaunta buku kwenda nalo kazini, na mchana wagonjwa wakishatulia anawasomea. Walikuwa wamekosa wote. Wodi nzima ilikuwa imekosa.

Sijaandika chochote maishani mwangu, wala sitaandika, kilichosomwa vizuri kuliko kurasa zile.

Sasa huko wodini ndiko alikolipatia lile kaunta buku kijana mmoja aliyekuwa akimuuguza babu yake. Aliazima, akarudisha, akaazima tena. Mama yako alifurahi, akidhani anamsomea mzee.

Mimi nilijua kwa kinyozi. Hakukuwa na umeme, kwa hiyo alikuwa ananinyoa kwa wembe, na jamaa mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake akafungua gazeti la burudani kutoka Dar es Salaam, akaanza kuwasomea wenzake habari za Isidingo. Nikasikia sentensi ya kwanza nikasema moyoni, huyu naye ameangalia vizuri. Ya pili. Ya tatu nikaijua. Kisha akasoma: "Cherel akainuka, akatabasamu kama wifi wa Kilosa anapohesabu sahani za msiba." Watu wakacheka mpaka benchi likasogea. Kinyozi akaniambia, "Mwalimu, tulia, nitakukata."

Habari ya Kilosa unaijua, hatuhitaji kuirudia. Nilikuwa namwandikia mama yako, kuhusu wifi yake, jambo ambalo yeye mwenyewe alinisimulia usiku ule tuliporudi kwenye matanga ya bibi. Lilikuwa neno la chumbani. Na sasa lilikuwa limechapwa, na chini yake jina la kijana ambaye sikuwahi hata kumpa mkono.

Nilipanda basi kwenda Dar, kaunta buku nimelifunga kwenye mfuko wa rambo, nikaingia kwenye ofisi yao. Mhariri alinipokea vizuri, akaniagizia soda. Nikafungua ukurasa wangu, nikaweka gazeti lake pembeni, nikamwonyesha mstari kwa mstari. Akaangalia, akatikisa kichwa, akasema: "Mzee, mambo ya kwenye TV hayana mwenyewe."

Sentensi hiyo bado inaniuma, mwanangu. Kijana simkumbuki sana. Huyo mhariri namkumbuka mpaka rangi ya soda.

Kwa sababu nusu yake ni kweli, na nimebishana nayo miaka yote hii. Isidingo ilikuwa na wenyewe, na mimi si mmoja wao. Mimi nami nilichukua hadithi ya watu wa Johannesburg nikaiandika kwa Kiswahili bila kumwomba mtu ruhusa. Kwa hiyo nina haki gani ya kulia? Nilijiuliza hivyo ndani ya basi la kurudi. Baadaye nikaitafuta Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, ile Na. 7 ya mwaka 1999, nikaisoma kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo. Na nilichoelewa ni hiki: wazo halilindwi, namna ulivyolieleza inalindwa, na inalindwa tangu unapoandika, hata kama hujaandikisha mahali popote. Kwamba Cherel alitabasamu, hilo si langu. Kwamba alitabasamu kama wifi wa Kilosa, hilo ni langu na mama yako. COSOTA, inayosimamia hakimiliki nchini, ilikuwapo tayari, ningeweza kupeleka malalamiko. Sikupeleka. Usiniulize sasa hivi kama nilifanya vyema.

Mama yako amesoma mpaka hapa juu ya bega langu. Anasema, "Mwambie mtoto ukweli, ulitaka ulipwe." Hapana. Sikutaka kulipwa. Nilitaka yule mhariri aseme kwa kinywa chake kwamba kulikuwa na mtu ameketi mahali fulani akaandika, na kulikuwa na mtu mwingine ameandikiwa. Basi.

Wifi alipata habari, kama ulivyotarajia. Hakupiga simu, alituma mtu na ujumbe: zile sahani zilikuwa za kuazima kanisani, na kila iliyopotea angeilipa yeye. Ninaamini zilikuwa za kuazima. Lakini sikumwandikia yeye, wala sikuiandikia Dar es Salaam. Wapo ndugu waliosema nisingeandika lile neno kabisa, kwamba maandishi yana miguu. Nawakatalia mpaka leo. Kama ningeandika kwa kuogopa kila atakayelifungua lile kaunta buku, ningerudi kwenye ile ripoti ya shule, na wagonjwa wa mama yako wangelala. Neno la chumbani ndilo lililomfanya aone Cherel akiwa wodini, macho yake yapo kwenye dripu. Ukimwandikia mtu mmoja aliyekosa, utasema mambo ambayo ni yake. Huwezi kupata utamu bila hatari hiyo. Mimi sijaona njia nyingine.

Tangu siku hiyo kaunta buku halikutoka mikononi mwa mama yako. Lile gazeti likaendelea na safu yake bila sisi: Barker alimwambia Cherel, Cherel akamjibu Barker. Kwa kinyozi wakaacha kuisoma kwa sauti. Nilifurahi sana, sitakuficha.

Nami niliendelea kuandika mpaka mama yako alipobadilishiwa zamu, akawa anaangalia mwenyewe, na mara moja nikawa sina la kumwambia. Tulikaa kochi moja tunaangalia wote, na akigeuka kuniuliza Agnes amesema nini, namwambia, si umeona? Wewe unasema siku hizi hakuna anayekosa, kwamba kila kipande kinarudiwa na mtu anakiangalia kwenye simu akiwa ndani ya daladala. Hilo limenifikirisha. Labda wimbo wangu umepitwa na wakati. Lakini hapana, subiri. Yule anayeangalia kwenye daladala anaona, halafu kondakta anadai nauli, halafu anashuka. Anakosa mikono. Mwandikie huyo.

Nikupe na hili. Lesego Motsepe, aliyekuwa Letti, alipojitokeza mwaka 2011 kusema anaishi na virusi, mama yako alikwenda kabatini akalitoa lile kaunta buku, akasoma kurasa za Letti peke yake, kimya, kana kwamba anamtafuta ndani yake. Alifanya hivyo tena Januari 2014 yule binti alipofariki. Isidingo yenyewe iliisha Machi 2020 baada ya zaidi ya miaka ishirini, na kaunta buku letu bado lina msomaji wake. Lile gazeti silioni tena mezani kwa mtu.

Sasa swali lako. Najua unaona nimezunguka. Nilikuwa nimeapa nisikuhukumie jambo hili, kwa sababu wewe ni mtu mzima, kazi ni yako na jina ni lako, na kwa sababu mimi nilipewa soda nikanyamaza, na sijui kama ningepigana ningelala vizuri zaidi au vibaya zaidi. Usiku naelekea upande mmoja, asubuhi upande mwingine. Mama yako ana upande mmoja tu tangu barua ilipofika.

Ila makala yako nimeisoma, ile uliyotutumia. Sehemu kubwa ungeweza kuiandika ukiwa popote. Lakini kuna aya moja ambapo mama wa yule bwana harusi anaingia jikoni kwa mkwewe, na wewe ukaandika namna bibi yako wa Kilosa alivyokuwa anafungua mlango wa jiko kwa kiwiko ili asiuache mkono wa mtoto. Hiyo uliandika kwa ajili ya mdogo wako, ambaye hakumkuta bibi akiwa na nguvu. Usikatae, naijua.

Kwa hiyo kabla sijasema neno langu, nijibu: yule mtangazaji alisoma hewani na aya ya bibi, au aliiruka? Na kama aliisoma, alisema "bibi yangu"? Kwangu tofauti hiyo ni kubwa. Mama yako anasema ni ile ile, apelekwe COSOTA Jumatatu. Niandikie.

Baba yako