Umeuliza kama mto Sabaki ndo huohuo Athi, na wapi pa kuona mandhari yake: ndio, ndo huohuo.
Mto ni mmoja ndugu, Athi unaopita karibu na Nairobi ukikutana na Tsavo unaitwa Galana, ukifika huku Malindi ushakuwa Sabaki, ndo maana mvua zikinyesha bara bahari yetu inageuka rangi ya udongo. Kwa mandhari, ukiwa Malindi panda matatu ya kwenda Mambrui ushuke kwenye daraja la Sabaki, sio mbali na mjini, halafu fuata mto mpaka unapoingia baharini, asubuhi maji yakishapwa utaona ndege kibao kwenye matope na misimu mingine heroe (flamingo) wamejipanga safu nzima, pazuri mno wallahi. Ila nenda na mwenyeji, viboko wapo na mamba pia, na jioni viboko wanatoka majini kula majani.