Kompyuta ya kurekodi TV isiyokula umeme

SWALI: Kompyuta yangu ya zamani ya kurekodi vipindi inakula wati 80, nayo huwaka usiku na mchana. Ninunue ipi badala yake? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Usilipie prosesa yenye nguvu. Matangazo ya DVB-T2 (mfumo wa TV ya kidijitali inayonaswa kwa antena) hufika yakiwa yameshabanwa, hivyo kurekodi ni kuyaandika tu kwenye diski. Kompyuta ndogo yenye prosesa ya Intel N100 na RAM ya GB 8 inatosha, na hufungua hata video zilizobanwa kwa mifumo mipya ya HEVC na AV1. Yote ikila wati 15, ni uniti 0.36 kwa siku badala ya 1.92.

Kipokezi cha USB, yaani kifaa cha kunasa matangazo, lazima kiwe cha DVB-T2. Cha mfumo wa zamani wa DVB-T pekee hakitanasa chaneli za Kenya. Programu ya Tvheadend hurekodi kwa kipokezi kimoja chaneli kadhaa zilizo kwenye masafa yaleyale. Zilizofungwa kwa kadi hazitafunguka.

Balaa kubwa ni umeme wa USB. Diski ya nje na kipokezi vikinyonya pamoja kutoka kwenye kompyuta, volti hushuka na rekodi hujaa vipande vilivyokatika. Tumia habu ya USB (kigawanyaji cha matundu) yenye adapta yake ya umeme, na mfumo endeshi uuweke kwenye SSD, diski isiyo na sehemu zinazozunguka.