Dramu kwenye chumba cha kumi kwa kumi: trei za mayai ziacheni jikoni

Mkuu, umesema una chumba cha futi kumi kwa kumi, kuta za tofali, chini marumaru, juu jipsamu, na kwaya yenu imechoka na dramu za kompyuta, inataka mrekodi za kupigwa na mtu. Mmoja kakushauri trei za mayai, mwingine sponji zile zenye michongo ya piramidi. Mimi narekodi dramu kwenye chumba cha vipimo hivyohivyo huku Mbagala, Dar es Salaam, mwaka wa sita sasa, na ushauri wote huo niliwahi kuufuata. Kwa hiyo vumilia urefu wa jibu.

Trei tumalizane nazo haraka. Ile ni karatasi nyepesi. Inavuruga kidogo sauti za juu, basi. Besi inapita kama hakuna kitu mbele yake. Halafu inashika moto upesi. Zangu nilizing'oa siku soketi ilipotoa cheche shubiri mbili kutoka zilipobandikwa, na sikuzirudisha.

Sponji ndizo zilizoniumiza mfuko. Nilibandika za inchi moja kuta zote nne, nikapiga makofi, kimya. Nikajiona nimefika. Jioni akaja kijana wa kanisani akakaa kwenye dramu, na dakika mbili hazikupita nikajua nimeingia mkenge. Matoazi yamekufa, kama anapigia ndani ya kabati la nguo, ila kiki, ile dramu kubwa ya kupigwa kwa mguu, inavuma vilevile, tena inasikika zaidi kwa kuwa kelele za juu zilizokuwa zinaifunika zimeondoka. Sponji nyembamba namna ile kazi yake ya maana iko juu ya Hz 1000, yaani mitetemo elfu moja kwa sekunde. Kwa maneno mengine nilitoa hela yangu niondoe kilicho kizuri na kibaki kibaya.

Maana adui wa chumba kidogo si mwangwi kama wa ukumbini. Ni besi. Piga hesabu na mimi: futi kumi ni mita 3.05. Kwa joto letu la nyuzi 30 sauti inakwenda kama mita 349 kwa sekunde. Gawanya kwa mara mbili ya urefu wa chumba, yaani 6.1, unapata Hz 57. Hiyo ndiyo noti ambayo chumba chako kinaipenda, kikiipata hakiiachii. Ubaya wako ni kwamba urefu na upana ni sawa, kwa hiyo noti hiyo inapata nguvu mara mbili, na dari kama ni ya futi tisa inaongeza yake ya Hz 64, jirani kabisa. Sasa kiki uzito wake uko wapi? Hapohapo. Ukisimama pembeni karibu na ukuta utasikia kiki inakukaba kifua, ukisogea katikati ya chumba imepotea. Usihangaike na ekwalaiza, ile ya kupandisha na kushusha besi na sauti za juu. Ekwalaiza itapunguza nguvu ya noti hiyo kwenye rekodi, lakini haitaondoa lile vumi lililoingia kwenye kila maiki na kufunika pigo linalofuata.

Dawa yake ni unene, na mahali pa kuuweka ni pembeni, kwenye kona ambako kuta mbili zinakutana, kwa sababu huko ndiko besi ya kila upande inakojikusanya. Wenye uwezo wanatumia sufi ya mawe, ile wanayofungia mabomba ya mvuke na majiko ya viwandani. Ukiipata, chukua, ila vaa glavu na barakoa, inawasha vibaya. Mimi ya kutosha ilinishinda bei. Nikaenda kwa wanaouza matambara, yale mabaki ya mitumba ambayo mafundi gereji wananunua kufutia mashine. Pamba, sufi, sweta zilizotoboka, mablanketi. Kwa besi nguo zilizojazwa kwa unene mkubwa zinafanya kazi, na hili silisemi kwa kusoma, nimelala na hivyo vitu chumba kimoja.

Nilitengeneza fremu za mbao mbili kwa mbili, umbo la pembetatu, zinaingia kwenye kona kutoka sakafuni hadi darini, kila ubavu unaogusa ukuta sentimita 60. Ndani nikajaza matambara bila kuyashindilia. Hewa lazima iweze kupenya, yakikaza sana yanakuwa kama ukuta mwingine. Weka rafu za fito kila baada ya futi mbili. Mimi sikuweka mara ya kwanza, na baada ya mwezi nguo zote zilikuwa zimeshuka chini, juu kumebaki kitambaa kitupu kinachopepea. Mbele nikafunika kwa gunia la katani. Kipimo cha kitambaa ni mdomo wako: kiweke mdomoni upulize, pumzi ikipita kinafaa, isipopita tafuta kingine.

Kona ni nne ila moja ina mlango, kwa hiyo nilipata tatu, nikaongeza fremu ya nne ikilala pale ukuta wa nyuma unapokutana na dari. Fremu mbili kati ya hizo nikazivalisha karatasi ya nailoni chini ya gunia. Makusudi kabisa: nailoni inaacha besi iingie lakini inarudisha sauti za juu, ili chumba kisizimike tena kama enzi za sponji.

Na panya. Hakuna anayekwambia habari za panya. Msimu wa masika walihamia kwenye kona ya kushoto wakazaa humo. Sasa kabla ya kujaza chochote natandika wavu wa waya chini na nyuma, nguo naanika juani siku mbili zikauke kabisa, na naweka naftalini. Nguo zenye unyevu kwenye joto la pwani zitaota ukungu, na chumba chenye harufu ya ukungu waimbaji hawakai.

Baada ya kona, angalia juu. Hapa ndipo wengi wanapakosea. Maiki za juu ya matoazi zinaning'inia karibu sana na dari. Kwangu toazi liko kama mita 1.1 kutoka sakafuni, maiki iko sentimita 80 juu yake. Sauti inaingia kwenye maiki, inaendelea hadi darini, inarudi tena kwenye maiki ileile ikiwa imechelewa karibu milisekunde 5. Hizo mbili zikichanganyika unapata ule mlio wa matoazi yanayopigiwa ndani ya bomba. Nilitundika kibao mlalo cha mita moja na nusu kwa mbili juu ya dramu yote, yaani fremu ya mbao iliyojaa matambara ya unene wa sentimita 10, nikaacha sentimita 10 nyingine za hewa kati yake na dari. Kama ungeniambia nina hela ya kitu kimoja tu, ningekwambia anza na hiki, hata kabla ya kona. Ila usikitundike kwenye jipsamu! Tafuta mbao za paa, funga na waya. Mzigo ule ukimwangukia mpiga dramu utakuwa na kesi.

Kuta zenyewe usizifunike zote. Vibao vinne vya unene huohuo, viwili kila upande usawa wa sinea, ile dramu ndogo yenye mlio mkali, vinatosha. Jaribu kwa makofi: ukisikia mlio wa "triii" unaokimbizana kati ya kuta mbili, hapo pana haja ya kibao. Ukisikia kofi tu, acha. Zulia weka chini ya dramu ili isiteleze, marumaru mengine yabaki wazi.

Kisha tafuta mahali pa kuiweka. Usiiweke katikati kabisa na usiibane kwenye kona. Njia yangu: nabeba tomu kubwa (dramu ya pembeni yenye mlio mzito) mkononi, naipiga nikitembea chumba kizima taratibu, na kuna sehemu moja inakuwa nene bila kuvuma. Nachora chini kwa chaki. Kiki inakaa hapo. Kuna programu ya bure ya kompyuta inaitwa REW inayopima haya kwa michoro, nimeitumia, na ilinionyesha karibu kilekile ambacho tomu ilishaniambia.

Kwa maiki, ukiwa na tatu au nne tu usijidharau. Glyn Johns, fundi mitambo wa Uingereza, ana mtindo unaojulikana kwa jina lake: moja juu, moja pembeni ya tomu ya chini, moja kwenye kiki. Siri iko kwenye kamba: hakikisha zile mbili za kwanza ziko umbali sawasawa kutoka katikati ya sinea. Mimi natumia kamba ya kiatu.

Ngozi mpya na dramu iliyotuniwa vizuri ni nusu ya kazi, ila hilo lina mjadala wake. Na mwambie mpiga dramu apunguze mkono. Wa kanisani wamezoea kushindana na spika.

Mwisho uliuliza kama haya yatazuia jirani asisikie. Hapana, mkuu. Kutuliza sauti ndani na kuizuia isitoke ni mambo mawili tofauti. Popote hewa inapopita sauti inapita, na mengi yanatoka kwa dirisha na chini ya mlango. Nimeziba dirisha kwa tofali, nimebadilisha mlango nikaweka wa mbao nzito wenye mpira pembeni, na kelele zimepungua, hazijaisha. Kwa hiyo narekodi asubuhi, mama jirani akiwa sokoni, feni nimezima, jasho linatiririka. Na kaswida za binti yake nilimrekodia bure.